Marvin Gaye, What's Going On (1971): ni wimbo mmoja au tisa?

fundi_wa_Ngamiani

Wadau, habari za usiku. Msinicheke, mambo ya muziki wa zamani wa Wamarekani weusi siyajui kabisa. Mimi ni fundi cherehani, nipo Ngamiani hapa Tanga, na kipindi hiki cha sare za shule kila siku nalala saa nane. Muziki ndio mwenzangu.

Wiki mbili zilizopita mteja kaniletea suruali tatu za kupunguza kiuno, kasahau flashi mfukoni. Nikaichomeka kwenye sabufa nisikie kuna nini, nikitegemea singeli. Kumbe ni albamu moja tu, hiyo niliyoandika hapo juu. Inaanza na watu wanasalimiana kama wamekutana barazani, saksafoni ikaingia. Nikasema sawa, muziki wa wazee, ngoja niendelee na mapindo yangu.

Shida ikaanza hapo. Nyimbo hazikatiki! Hujajua kama wimbo umeisha, ngoma zimeshaingia kwenye mwingine. Nikadhani flashi mbovu. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikarudisha, yale yale. Halafu huyu bwana anaimba kama yupo wawili: sauti moja inatangulia, nyingine inaifuata nyuma na maneno yaleyale ila kwa namna nyingine, kama mtu anayejijibu mwenyewe. Wimbo wa nne ndio kabisa, anayasema maneno makavu kwanza kisha anayaimba.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nilichoshika ni mama, kaka, baba na vita, basi. Lakini nilipofika wa tisa, pale mwishoni ambapo ile sauti ya wimbo wa kwanza inarudi, nikajikuta mguu umesimama kwenye cherehani na machozi yanadondokea kitambaa cha watu. Kitambaa cheupe.

Swali langu: huu ni wimbo mmoja au tisa? Na unanilizaje wakati siuelewi? Au ni usingizi tu?

Kobe_wa_Usiku

Usingizi hauchagui wimbo wa tisa, dada. Karibu. Angalia tu sabufa yako isizichanganye nyimbo. Albamu hii ukiisikiliza kwa kurukaruka ni sawa na kupewa gauni lililokatwa halijashonwa.

Mzee_wa_Santuri

Binti, flashi yako ni nzima. Ukihesabu kwenye jalada ni nyimbo 9, dakika 35 na ushei, lakini imetengenezwa iwe kitu kimoja. Ilitoka Mei 1971, na kwenye santuri upande wa kwanza una nyimbo 6 zilizoshikana mikono, unageuza, upande wa pili una 3. Kule kuinuka kwenda kugeuza ndiko tulikopatia pumzi. Ninyi wa flashi mnapigwa mfululizo, sishangai umelia.

Nimekaa na santuri hii miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu (yeye ndiye anayenihesabia), kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Wimbo wa kwanza haukuanzia kwa Marvin. Obie Benson, mmoja wa Four Tops, kundi la waimbaji, alikuwa Berkeley, California, Mei 1969, akaona polisi wakiwashambulia vijana waliokuwa wakigombea kiwanja kinachoitwa People's Park. Akabaki anajiuliza: kuna nini hapa? Akaanza kuutunga na Al Cleveland. Wenzake wa Four Tops wakaukataa, hawakutaka wimbo wa maandamano. Ndipo ukamfikia Marvin.

Sasa mtazame Marvin wa wakati ule. Mwaka 1967 alikuwa jukwaani na Tammi Terrell, mwimbaji mwenzake, binti akamwangukia mikononi. Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Machi 1970 Tammi akafariki, ana miaka 24. Marvin akajifungia, jukwaa hataki hata kulisikia. Ndoa yake inayumba. Na mdogo wake, Frankie, alikuwa amerudi kutoka Vietnam na kumsimulia aliyoyaona.

Frankie ndiye yumo kwenye wimbo wa pili. Huo usiuache upite hivi hivi. Askari karudi nyumbani. Vita anaitaja kwa mstari mmoja, anaiita jehanamu, kisha anaivuka na kuanza kuuliza: bado wanacheza dansi pale tulipokuwa tunaenda? Timu yetu mwaka huu itachukua ubingwa, unaonaje? Mbona kazi sipati? Anaomba tu aambiwe kuna nini siku hizi mtaani. Baada yake unaingia wa tatu, sauti imepanda juu, nyembamba, mtu anaelea mawinguni. Hizo ni dawa za kulevya. Hakuna anayekuambia kwamba huyu ni yule askari wa dakika tatu zilizopita. Lakini ngoma hazikukatika, kwa hiyo ni yeye! Nyimbo zingekatika ungepata habari tisa za gazeti, kila moja na ukurasa wake. Hapa mtu mmoja anatoka mlango huu anaingia ule, na wewe uko nyuma yake. Anakutana na watoto wasio na wa kuwatetea, mafuta yaliyomwagika baharini, samaki wenye zebaki (1971 hiyo!), mpaka anafika wa tisa: kodi, bili zisizolipika, na fedha za roketi za kwenda mwezini wakati wasio nacho wapo hapahapa. Halafu lile swali la mwanzo linarudi, halijajibiwa. Hapo ndipo ulipolilia, na hukuhitaji Kiingereza.

Sauti mbili zilitokana na bahati. Alirekodi mara mbili ili achague moja, fundi mitambo akazipiga zote pamoja kwa makosa, Marvin akaipenda. Ile saksafoni ya mwanzo nayo, mpigaji Eli Fontaine alikuwa anapasha tu. Alipojiweka tayari kurekodi sasa, akaambiwa nenda nyumbani, tumeshapata. Wale wanaosalimiana wamo Mel Farr na Lem Barney, wachezaji wa Detroit Lions, timu ya mpira wa Kimarekani, marafiki zake. Na mpiga besi, James Jamerson, inasimuliwa alikuwa amelewa hata kiti hakimbebi, akapiga amelala chali sakafuni. Rudia ile besi ukiwa unajua hivyo.

Bosi wa Motown, kampuni iliyokuwa ikitoa muziki wake, Berry Gordy, hakuutaka huo wimbo wa kwanza. Na huyo bosi ni shemeji yake, maana Marvin alimuoa dada yake, Anna. Marvin akagoma: usipoutoa huu sirekodi mwingine. Ukatoka Januari 1971, ukapanda mpaka namba 2 Marekani, na sasa Gordy ndiye akawa na haraka ya albamu. Sehemu kubwa ilirekodiwa mwezi Machi, siku kama kumi hivi.

Lingine nalisema kwa kusita. Katika wimbo wa kwanza anamwita mama, anamwita kaka, kisha anamwita baba na kumwambia hakuna haja ya kuzidisha ugomvi. Wengi husema baba ni serikali. Inawezekana. Lakini baba yake mzazi alikuwa mhubiri, na alimchapa Marvin utoto wake wote. Tarehe 1 Aprili 1984, siku moja kabla Marvin hajatimiza miaka 45, baba huyo alimpiga risasi nyumbani kwao Los Angeles, akafa. Nikifika pale anapoitwa baba, mkono wangu unakwenda wenyewe kupunguza sauti.

Ukwaju

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, sifa zimezidi. Upande wa kwanza sina neno. Upande wa pili unachechemea. "Right On" dakika saba na nusu ya nini? Ningeikata nusu na hakuna ambaye angeuliza. Halafu kila hoja ikimshinda anakimbilia kwa Mungu.

Kama ni uchungu, mpeni dada "Here, My Dear" ya 1978. Marvin na huyo huyo Anna wanaachana, wanakubaliana sehemu ya fedha za albamu ijayo iende kwa Anna. Naye akaenda studio akatengeneza santuri mbili nzima za ndoa yao. Ile ndiyo inauma.

Mzee_wa_Santuri

Marahaba. "Right On" ni ndefu, nakubali, hata mimi huenda kuweka chai wakati huo. Kwa Mungu usimtoe. Yule ni mtoto wa kanisani, hata kuguna kwake ni kwa kanisani.

"Here, My Dear" naipenda, lakini mle anamjua aliyemkosea, jina na anwani. Hii ya 1971 hajui amlaumu nani. Ndiyo maana anauliza, na anauliza kwa upole kiasi kwamba mtu anaweza kuicheza harusini asijue kinachosemwa. Nimeshaona harusi ya namna hiyo. Bibi harusi akinyonga kiuno kwenye samaki wa zebaki.

Kobe_wa_Usiku

Hahaha, mzee!

fundi_wa_Ngamiani

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Nilipofika pale pa askari nikaacha kusoma kwanza.

Mwanzo sikusema kwa sababu sikuona linahusiana. Kaka yangu alikaa Muscat miaka 8, dereva. Karudi mwezi wa sita na begi moja. Tukajaa sebuleni wote, mpaka majirani, tukisubiri asimulie. Yeye akauliza: ule mwembe wa nyuma ya msikiti umekatwa? Coastal Union bado wapo ligi kuu? Yule muuza kachori wa jioni yupo? Tukamjibu yote, kila mmoja anajibu kwa bidii. Ya huko alisema kulikuwa na joto, akaomba chai. Miezi imepita, kazi hajapata, anashinda hapa kwenye kibaraza changu anaangalia wapita njia.

Juzi usiku nikamwita ndani nikamwekea wa pili peke yake (Kobe, najua, nimevunja sharti). Nikawa namtafsiria kwa kusoma aliyoandika mzee hapo juu, kwingine nakisia. Akasikiliza kainamisha kichwa. Ule wimbo ni mfupi, hata dakika tatu haufiki. Ulipoisha akaniuliza, "Sasa ndugu yake alimjibu nini?" Nikamwambia hajibiwi, unaingia palepale kwenye ule wa mawinguni. Akanyamaza. Kisha akasema, "Rudisha mwanzo kabisa."

Tukasikiliza yote. Hakulia, na mimi sikumtazama sana. Kwenye upande huo mnaoita wa pili akalivuta kapu la mashati ya shule, akachukua sindano, akaanza kushona vifungo, kazi ambayo hajawahi kuigusa tangu tuzaliwe. Kila kimoja kombo. Uzi kauzungusha mara kumi, kifungo kimebana mpaka hakiingii tundu. Jana alfajiri nimefumua mashati kumi na moja kabla hajaamka, nikayashona upya na kuyarudisha kapuni vilevile alivyoyapanga.

Ukwaju, huo wimbo mrefu usiukate. Vifungo vingi alivishonea hapo.

Usiku wa jana kaja mwenyewe bila kuitwa, kauliza, "Yule jamaa yupo?" Nikajua anamuuliza nani, nikawasha.

Mwenye flashi naye kapita leo mchana kuchukua suruali zake. Suruali nimempa. Flashi nimemwambia bado naitafuta.