Kimondo kikidondoka kwenye migomba yako, ni chako au cha Serikali?

Mleta mada: Wadau, Agosti 14, 1992 vimondo vilinyesha Mbale, Uganda. Zilikusanywa takriban kilo 150, jiwe kubwa kuliko yote likiwa na kilo 27.4. Kijiwe cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba kikampata mtoto kichwani, hakikumdhuru. Vingine watu walivisaga wakidhani ni dawa ya UKIMWI. Je, vikianguka tena leo, mwenye shamba auze? Mimi nasema auze.

Mwanajiolojia: Soma Katiba ya Uganda, ibara ya 244. Madini yaliyo juu ya ardhi au chini yake yamewekwa mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri. Ubishi ni kama kimondo ni madini. Cha Mbale ni mchanganyiko wa olivini na piroksini, yaani madini ya kawaida ya miamba, na chembe za chuma chenye nikeli. Kwangu mimi huo ni mwamba, si madini. Afrika Kusini waliumaliza ubishi huu mwaka 1999: sheria yao ya urithi inavitaja vimondo waziwazi, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa.

Mleta mada: Na mwanakijiji atakificha chini ya kitanda.

Mkusanyaji: Atakiharibu humohumo. Chuma kilichomo kinakunywa unyevu, na mvua za Mlima Elgon hazina huruma. Tena jiwe lisilo na jina rasmi bei yake ni duni, na ili lipewe jina lazima gramu 20, au asilimia 20 kama jiwe ni dogo, zibaki kwenye taasisi inayohifadhi vimondo. Kwa hiyo hata muuzaji anamhitaji mtafiti.

Msomaji, Soroti: Jiwe langu ni jeusi, zito, lina matundu, na sumaku inalishika.

Mwanajiolojia: Matundu, ndugu? Hayo ni mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyusha chuma, au lava. Lisugue kwenye mgongo wa kigae, upande usiong'aa: likiacha mstari mwekundu ni hematiti, madini ya chuma ya hapa hapa duniani. Kimondo kibichi, yaani kilichoanguka karibuni, kina ganda jeusi lisilofika milimita moja, na ukipiga tupa pembeni utaona vichembe vya chuma vinang'aa.

Ila kama kimeanguka jana, weka sumaku mbali kabisa, inafuta kumbukumbu ya usumaku wa tangu huko angani. Usikioshe. Kipige picha papo hapo pamoja na sarafu, andika majira ya nukta (GPS) ya mahali hapo kutoka kwenye simu, kiokote kwa karatasi ya foili, kisha kifungie kwenye chombo kikavu pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kipelekwe maabara mapema: vanadi-48 iliyomo, elementi ya mionzi ambayo watafiti huipima, hupungua nusu kila siku 16.

Mleta mada: Na aliyekiokota atapata nini?

Mkusanyaji: Kondraiti ya kawaida, yaani kimondo cha mawe kama cha Mbale, haijengi ghorofa, kwa hiyo Serikali haina sababu ya kukwepa kulipa. Ilipe kwa gramu siku hiyohiyo, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, jiwe likiwa bado kwenye mizani.

Mwanajiolojia: Hapo nakubali, mradi gramu 20 zibaki Chuo Kikuu cha Makerere kwanza.