Kupima kibofu cha mwanamke: maji yapashwe joto, au yaingie kama yalivyo?

Mleta mada

Wadau, tubishane kwa hoja. Kwa asiyekijua kipimo chenyewe: mwanamke anayebanwa na mkojo ghafla, au anayevujisha akikohoa, anawekewa mpira mwembamba kwenye kibofu na mwingine kwenye njia ya haja kubwa. Kibofu kinajazwa maji ya chumvi polepole huku mashine ikichora presha. Yeye anasema lini amehisi mkojo, lini amebanwa, lini hawezi tena. Msuli wa kibofu ukijikaza wenyewe kabla hajaruhusiwa kukojoa, mchoro unainuka kama kilima, na mara nyingi kilima hicho ndicho kinachoamua dawa.

Sasa, yale maji yana joto gani? Mara nyingi dripu inatundikwa ikiwa na joto la chumba, nyuzi ishirini na kitu. Mkojo unaoshuka kutoka kwenye figo una nyuzi 37. Msimamo wangu: yapashwe hadi 37, na kilima kilichopatikana kwa maji baridi kisimwandikie mtu vidonge. Najua nachokoza nyuki.

Muuguzi wa chumba cha kipimo

Umewachokoza kweli, mkuu. Dripu naitoa kwenye kabati la kupashia ikiwa na 37. Mpaka mama abadilishe nguo, alale, nimwekee mipira yote miwili, niweke presha kwenye sifuri, akohoe nione kama mistari miwili inaruka pamoja, dripu imeshaanza kupoa. Kisha yapite kwenye mrija mrefu ndipo yamfikie. Nikiandika 37 kwenye ripoti nitakuwa nimeandika joto la kabati. Na wapo wenye haraka watakaoitia kwenye maikrowevu: ukishika mfuko unaona vuguvugu, kumbe kuna sehemu inaunguza. Heri maji ya chumba ambayo kila mtu anajua yalivyo.

Niliyepimwa

Mimi si mtaalamu, nimelala tu kwenye kile kitanda. Maji niliyasikia yakiingia kama uzi wa baridi chini ya kitovu. Nikasema nimebanwa, wakaniambia hata mililita 150 hazijafika. Nyumbani asubuhi nakojoa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Ripoti ikasema kibofu changu hakina subira. Vidonge vikanikausha mdomo, choo kikawa kigumu, nikaviacha. Labda ilikuwa baridi, labda aibu ya kulala vile mbele ya watu watatu, sijui. Ila hakuna aliyeniuliza: hiki kilichokutokea hapa ndicho kinachokutokea nyumbani?

Daktari wa njia ya mkojo

Pole dada. Hilo swali lako la mwisho ndilo lilipaswa kuulizwa kwanza. Kilima kisichofanana na malalamiko ya mgonjwa ni mchoro tu.

Mleta mada, baridi ina historia yake. Mwaka 1957 Bors na Blinn walieleza kipimo cha maji ya barafu kwa watu walioumia uti wa mgongo: maji baridi yanaingizwa kwenye kibofu, na kibofu kinayatema. Watoto wachanga nao wana itikio hilo hilo. Ubongo ukikomaa unalizima, uti wa mgongo ukikatika linarudi. Maana yake, kwa mwanamke mzima mwenye neva nzima, ubongo unatakiwa kulidhibiti. Na barafu ni nyuzi chache juu ya sifuri. Usiichukue hadithi ya barafu ukaibandika kwenye maji ya nyuzi 22.

Mleta mada

Daktari, naibandika kwa sababu hii. Kipokezi cha baridi kinachoitwa TRPM8, kile kile kinachofanya mentholi ikupe ubaridi mdomoni, huanza kuamka joto likishuka chini ya nyuzi ishirini na kitu hivi. Huhitaji barafu. Na kibofu kimetolewa mkojo wote kabla ya kipimo, kwa hiyo maji ya kwanza yanagusa ukuta bila kuchanganyika na chochote cha moto. Halafu tazameni kasi. Figo huleta mililita moja au mbili kwa dakika. Mwongozo wa ICS, chama cha kimataifa cha fani hii, unahesabu mwisho wa kasi ya kimaumbile kwa kugawanya uzito kwa nne: mwenye kilo 60, mililita 15 kwa dakika. Mkimjaza kwa 60, mililita 300 zinaingia ndani ya dakika tano. Damu itayapashia wapi?

Daktari wa njia ya mkojo

Hoja ya kasi naipokea, na pengine ni nzito kuliko ya joto. Lakini kuna jambo linakuvuruga. Kuna kipimo cha kutembea nacho: mgonjwa anavaa kifaa saa kadhaa, kibofu kinajazwa na mkojo wake mwenyewe, nyuzi 37 halisi, polepole kabisa. Kwa nadharia yako vilima vipungue. Vinaongezeka! Hata watu wasio na tatizo lolote huonyesha vilima. Baridi ikiwa ndiyo mchawi, hapa karoga nani?

Mleta mada

Umenibana. Basi naondoa neno "vidonge". Ila saa kadhaa za kutembea si sawa na nusu saa ya kulala, muda mrefu una nafasi nyingi zaidi za kunasa kilima.

Msomaji wa tafiti

Mnagombea joto la maji ya kipimo ambacho wengine hawakihitaji. Utafiti wa Marekani uliotoka 2012, wanawake 630 wanaovuja wakikohoa, wasio na utata mwingine: nusu walipimwa hivi kabla ya kutibiwa, nusu walikaguliwa kliniki tu. Baada ya mwaka, waliofanikiwa ni takribani 77 kwa 100 pande zote mbili.

Muuguzi wa chumba cha kipimo

Hao ni wa kikohozi. Wanaoletwa kwangu wengi wana kikohozi na kubanwa kwa pamoja, au walishafanyiwa upasuaji ukashindwa. Hao wataendelea kuja.

Nimefungua fomu yetu. Ina nafasi ya kasi, ukubwa wa mpira, na mkao. ICS tangu zamani wanataka joto la maji liandikwe, sisi hatuna hata mstari wake. Huo nitauongeza kwa kalamu wiki hii, na nitapima joto mwisho wa mrija, si kwenye mfuko. Kilima kikitokea ambacho mama hakitambui, nitaomba tujaze mara ya pili, polepole na vuguvugu. Lakini kuandika 37 kwa kudhani, hapana.

Niliyepimwa

Hiyo ya kujaza mara ya pili, mwambieni mtu mapema. Mimi baada ya ile ya kwanza nilikuwa nimeshavaa viatu.