Vyombo vya habari vya nje na korona ya Tanzania: mpaka leo hawana lingine zaidi ya papai?

Wakuu, salaam.

Nimechoka kulimeza hili. Kila mwandishi wa nje akiigusa Tanzania na korona, anaanza na papai. Mei 3, 2020 Magufuli akiwa Chato alisema sampuli za papai na mbuzi zimepelekwa maabara zikarudi na majibu kwamba zina korona. Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa habari yetu yote. Nchi ya watu karibu milioni 60 ikafanywa kichekesho cha aya ya kwanza.

Kabla hamjanirukia: simtetei mtu hapa. Hadi mwanzoni mwa Mei mwaka ule tulikuwa tumetangaziwa wagonjwa 509 na vifo 21, halafu takwimu zikakatika kwa zaidi ya mwaka. Lilikuwa kosa kubwa. Watu walizika wazazi wao wakiambiwa ni "changamoto ya upumuaji" na basi. Waandishi wetu nao walibanwa: gazeti la Mwananchi walifungiwa leseni ya mtandaoni miezi sita Aprili 2020, na Julai ikafuata Kwanza TV, miezi kumi na moja. Sasa kama wa ndani kafungwa mdomo, si ndiyo wakati wa aliye huru kufanya kazi? Wao walikuwa huru. Wakachagua papai.

Uamuzi wa kutofunga nchi ulikuwa na hoja ya kujadiliwa. Ukifunga Kariakoo leo, mbeba mizigo anakula nini jioni? Mama lishe anayenunua mchele wa siku moja kwa faida ya jana anakaa ndani wiki mbili kwa akiba ipi? Jirani zetu Kenya waliweka kafyu, na jioni ya kwanza kabisa, Machi 27, 2020, polisi waliwapiga watu mabomu ya machozi pale kivuko cha Likoni, Mombasa, wakiwa wanahangaika kuvuka warudi makwao. Uganda watoto walikaa karibu miaka miwili bila shule kufunguliwa kikamilifu, hadi Januari 2022. Kwetu kidato cha sita walirudi Juni 1, 2020 na wengine wote Juni 29. Je, sisi tulilipa gharama gani kwa vifo, na wao walilipa ipi kwa njaa na elimu? Hilo ndilo swali nililolitarajia kutoka kwa mtu mwenye bajeti, kamera na uhuru wa kuandika.

Uswidi nao hawakufunga nchi. Anders Tegnell, mtaalamu wao mkuu wa magonjwa ya mlipuko, alihojiwa kila kona ya dunia, wachumi wakaitwa, hoja zake zikapimwa moja baada ya nyingine. Wengi walimpinga vikali, lakini walimpinga kwa hoja. Najua, Uswidi walikuwa wanatoa takwimu na sisi hatukutoa, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini hoja ya mama lishe haikuhitaji takwimu za wizara. Ilihitaji mtu afike Tandale aulize.

Hawakufika. Wengi waliandika wakiwa Nairobi na Johannesburg, wakinakiliana. Ndiyo maana hukusoma kwao kwamba wananchi hawakukaa wakisubiri kauli ya Ikulu. Ndoo za koki zilijaa milangoni mwa maduka na vituoni, mafundi cherehani wakashona barakoa za vitenge, daladala zikapakia abiria wa kukaa tu, watu wakaacha kupeana mikono hata msibani. Manesi wetu waliingia wodini wakijua wanachokabili hata kama hakitajwi kwa jina. Hawa ndio wanaoniuma zaidi. Walinyamazishwa nyumbani, na dunia nayo ikawapita.

Halafu mambo yalipobadilika, kamera zikafungwa. Aprili 2021 Rais Samia alitangaza kuunda kamati ya wataalamu, Julai 28 akachanjwa hadharani. Januari 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika asilimia 5 ya Watanzania. Aprili 2023 tulikuwa tumevuka nusu. Nchi iliyokuwa inaikataa chanjo kwa kauli ya mkuu wake, ndani ya miezi kumi na tano! Wahudumu wa afya walifuata watu majumbani, minadani, misikitini na makanisani. Na ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa dola milioni 567, zile shilingi trilioni 1.3 zilizojenga madarasa kila mkoa, ulistahili kuchunguzwa: je, pesa ya ugonjwa ilipaswa kwenda kwenye madarasa? Habari kubwa hiyo, kwa wema au kwa ubaya. Nani kati ya waandishi hao wa nje aliifuatilia kwa nguvu aliyoitumia kwenye papai?

Mliokuwa wodini 2020 na mliozunguka na chanjo 2022, naomba muandike hapa mlichokiona. Na kama kuna mwenye makala hata moja ya nje iliyowahoji, aiweke tuisome.