Naomba ushauri: nina dakika 15 za kumwelezea Dragan Bjelogrlić kwa Kiserbia, nianzie wapi?

Mpemba_wa_Sava

Shikamooni wakubwa, wengine habari za muda huu.

Niko Belgrade, mwaka wa lugha kabla ya kuanza shahada, kwa ule ufadhili wa serikali ya Serbia kwa wanafunzi wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Mwalimu wetu wa Kiserbia ametupa kazi: kila mtu achague msanii mmoja wa hapa, asimame mbele ya darasa dakika 15, bila kusoma karatasi. Wenzangu wengi wamekimbilia waimbaji. Mimi nikajitia ujuaji nikamchukua Dragan Bjelogrlić, maana jamaa ninaokaa nao hosteli wakianza kumzungumzia hawamalizi. Sasa najuta.

Kwanza, mambo yake ni mengi. Kazaliwa 1963, kaingia kwenye filamu 1978 akiwa kijana mdogo (Boško Buha, ya watoto waliopigana na Wajerumani), halafu tamthilia, halafu filamu za vita, halafu akaanza kuongoza mwenyewe, na mpaka leo hajapoa. Nikimwaga yote nitakuwa nasoma orodha ya majina ya filamu tu.

Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Filamu yake inayotajwa kuliko zote ni Lepa sela lepo gore ya 1996, ya vita vya Bosnia. Mwalimu wetu siku moja alitudokeza kuwa familia yao ilihama Bosnia mwaka 1992. Hakusema zaidi. Niiruke? Nikiiruka atajua nimekwepa. Nikiigusa, je, nitamtonesha?

Wasilisho ni wiki ijayo. Nisaidieni.

Kitasa

Anza na jina lenyewe. Hiyo "grl" katikati haina irabu hata moja. Ukiitamka bila kupaliwa, nusu ya maksi unayo.

Mpemba_wa_Sava

😂 Jamaa wa hosteli wanamwita Bjela tu, nami nimejificha humo humo.

Mzee_wa_Studentski_Grad

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha mbali. Mimi nilikaa Studentski Grad, zile hosteli za wanafunzi kule Belgrade Mpya, enzi za Yugoslavia, nikisomea uhandisi. Mwaka 1987 televisheni ilianza kuonyesha Bolji život, maana yake "maisha bora". Ulikuwa ukitafuta mtu wa kucheza naye karata saa ile humpati, wote wako ukumbini wamekodolea macho familia ya Popadić. Baba ni mtu wa kulalamika na pesa hazimtoshi, mama ni mwalimu, watoto watatu wakubwa hawaondoki nyumbani. Huyo Bjelogrlić wako alikuwa Boba, mmoja wa wale watoto. Sisi Waafrika tulicheka kama wenyeji, kwa sababu nyumba ile tuliijua. Mjomba anayekuja kukopa, kijana msomi asiye na kazi, sahani zinazogongwa mezani.

Ilikwenda hadi 1991. Na mwaka 1991 ndio Yugoslavia yenyewe ilikuwa inavunjika. Ndiyo maana wazee wa huko wakimwona yule bwana barabarani wanaona sebule zao za zamani. Kama nia yako ni kueleza kwa nini anapendwa, mwanangu, usianze na vita. Anza na Boba.

Kuhusu mwalimu: mfuate kabla ya siku yenyewe, umuulize kwa adabu. Sisi tumelelewa kubisha hodi. Usiingie na kitu kama hicho darasani ghafla.

Dada_Klapa

Mzee, heshima yako, ila mimi nitakupinga kidogo. Niko kwenye utayarishaji wa filamu hapa Dar, na watu wanaosema "alikuwa mwigizaji akaamka asubuhi akawa mwongozaji" wananiudhi. Hakuamka hivyo.

Mdogo wangu, angalia miaka. Montevideo, Bog te video!, filamu ya kwanza kuiongoza, ilitoka 2010. Alikuwa na miaka 47. Kabla ya hapo yeye na kaka yake Goran walikuwa na kampuni yao ya filamu, Cobra, na Lepa sela waliitayarisha wao. Rane ya 1998 pia, ambayo yeye mwenyewe anaigiza kama Kure, jambazi wa mtaani ambaye vijana wawili wa Belgrade wanamwabudu mpaka wanaharibikiwa. Mtu wa namna hiyo kashatafuta pesa ya filamu wakati nchi iko chini ya vikwazo, kalipa mafundi, kagombana na watu wa sinema. Alipokuja kukaa kwenye kiti cha mwongozaji alikuwa anajua kila shilingi inakwenda wapi. Hapa kwetu mtu akiigiza filamu tatu tayari kwenye bango kaandikwa yeye kila kitu, mpaka mwimba wimbo. Haya, nimetoka nje ya mada.

Mimi ningeanza na ile meli ya kwenye kisa cha Montevideo. 1930, Kombe la Dunia la kwanza, Uruguay. Makao ya chama cha soka cha Yugoslavia yamehamishwa kutoka Zagreb kwenda Belgrade, wachezaji wa Zagreb wakagoma, kikaondoka kikosi cha vijana wa Serbia. Wakapanda meli Marseille. Wakawafunga Brazil 2–1, Bolivia 4–0, wakafika nusu fainali na kuchapwa 6–1 na Uruguay. Filamu ya kwanza inaishia wakiwa wanaondoka tu, safari yenyewe iko kwenye ya pili, ya 2014. Na jina lina mchezo wa maneno: "Montevideo, Mungu kakuona", kwa Kiserbia vinapatana vina. Darasa zima litacheka, na wewe utakuwa umepata pumzi.

Bwana_Utelezi

Achana na huyo, mchukue Kusturica, yule mwongozaji filamu. Anajulikana dunia nzima.

Mpemba_wa_Sava

Kusturica kashachukuliwa na Mcuba, mkuu. Kajiandikisha siku ile ile.

Nesi_Mwanaidi

Hakuna aliyetaja Čuvari formule, filamu aliyoiongoza ya 2023? Mimi siyo mtu wa filamu, ni muuguzi, niliitafuta kwa sababu ya kisa chenyewe. Oktoba 1958, kwenye kituo cha nyuklia cha Vinča, nje kidogo ya Belgrade, watu sita walipigwa na mionzi. Wakapelekwa Paris kwa Profesa Georges Mathé. Watano wakapandikizwa uboho kutoka kwa Wafaransa waliojitolea, watu wasiokuwa ndugu zao, jambo ambalo wakati huo lilikuwa halijazoeleka kabisa. Mmoja akafa, wengine wakarudi nyumbani.

Nilichokipenda ni wale waliojitolea. Wanachomwa sindano nene kwa ajili ya mtu wa nchi wasiyoijua, na hakuna aliyewaahidi kuwa itafaa. Bjelogrlić angeweza kuwafanya mashujaa wa kupigiwa tarumbeta. Kawaacha wawe watu wenye hofu. Mdogo wangu, weka hata dakika mbili. Ukimtazama tangu Boba mpaka hapo, utamwona anarudia watu wa kawaida waliotumbukizwa kwenye jambo lililowazidi kimo.

Dada_Klapa

Mwanaidi umenishinda. Hiyo ndiyo kamba ya kuifungia habari yote.

Kitasa

Na hao kina Lepa sela? Mnakwepa swali la dogo.

Nesi_Mwanaidi

Sikwepi. Mle ndani anaigiza Milan, Mserbia aliyekua na rafiki yake Halil, Mwislamu. Utotoni waliogopa kuingia kwenye handaki moja wakiamini ndani kuna zimwi. Vita inafika, Milan ananaswa na wenzake ndani ya handaki lile lile, na nje waliowazingira wamo pamoja na Halil. Handaki lenyewe linaitwa Udugu na Umoja, ile kaulimbiu ya Yugoslavia. Steringi wa filamu hii si wa kushangiliwa, na si kila aliyeishi vita ile anakubali namna ilivyosimuliwa. Kwa hiyo, kama alivyosema Mzee, bisha hodi kwanza.

Ticha_Padeži

Ushauri wa lugha tu: simulia kwa wakati uliopo. "Mwaka 1930, vijana wanapanda meli." Wenyewe husimulia hivyo, na utajiokoa na maumbo mengi ya vitenzi. Majina ya filamu usiyanyambulishe, tanguliza neno "film" kisha jina libaki kama lilivyo. Zile hali saba za nomino, yaani neno kubadilika mwisho kufuatana na kazi yake kwenye sentensi, zimezika wengi.

Mpemba_wa_Sava

Wakuu, nimerudi. Niliwasilisha jana.

Nilimfuata mwalimu Ijumaa kama Mzee alivyosema. Nilijiandalia sentensi nne, nikasahau tatu. Akanisikiliza, akaniambia aliwahi kuianza filamu ile mara mbili, hajawahi kuimaliza. Akasema niitaje, nisionyeshe kipande chochote, na nisisahau kusema jina la handaki. Basi.

Nilianza na Boba, samahani Dada Klapa, kwa sababu mwalimu alitabasamu nilipotamka tu Bolji život, nikapata nguvu. Meli ikafuata. Nilipofika kwenye 4–0 kuna mwenzetu wa Bolivia akanyoosha mkono kupinga, akasema hilo goli moja lilikuwa la kuotea, sijui kalitoa wapi, darasa likavurugika dakika mbili nzima. Muda ukanibana, Vinča nikaisema mbio mbio. Nilipotaja Udugu na Umoja mwalimu aliangalia dirishani, kisha akaniashiria niendelee.

Maksi 8 kati ya 10. Mbili kazikata kwenye "grl".