Baiskeli iliyolala miaka: tairi ulizifufua au ulizitupa? Tupeane uzoefu

Pedeli Moja: Wakuu, leo nimeitoa baiskeli stoo. Tairi zote mbili ziko chini. Nimebonyeza ubavu wa tairi ya nyuma kwa dole gumba, nyufa zikafunguka mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Nijaze upepo niendeshe hivyo hivyo? Waliopitia haya wamwage uzoefu.

Fundi Mstaafu: Kuikuta iko chini si lazima iwe pancha. Mpira wa tyubu hupitisha hewa kidogo kidogo hata kama hauna tundu. Jaza kiasi, iache usiku kucha, asubuhi ibonyeze. Ila ukishaona nyuzi, hiyo ya nyuma tupa. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo, mpira ni koti tu.

Kimya Kingi: Naunga mkono hoja.

Mama Kengele: Umenikumbusha mbali! Shemeji yangu alikuja kututembelea, akaiona baiskeli ya mume wangu imelala uani. Shemeji huyu hakuna asichokijua. Akaisukuma mpaka kwenye kompresa ya kujazia magari, akarudi anaigonga tairi kwa madaha, "Sikia, ngumu kama jiwe!" Mvua ikaanza, akaiingiza sebuleni. Mimi nikaona ubavuni pana kiuvimbe cheusi kinang'aa, ukubwa wa ncha ya kidole. Nikauliza, shemeji, mbona hapa pamevimba? Akanijibu, "Tairi inajinyoosha hiyo, imelala muda mrefu."

Saa nane za usiku, PAAA! Mume wangu akajikuta chini ya kitanda. Watoto wanalia, majirani wako mlangoni na tochi wanauliza nani kapigwa risasi. Sebule nzima poda nyeupe, ile wanayopaka tyubu, imetanda kwenye makochi, mapazia, mpaka kwenye picha ya harusi. Shemeji kasimama na taulo kiunoni, eti, "Itakuwa valvu ilikuwa mbovu."

Spoki Huru: "Inajinyoosha" 😂😂 Nimecheka mpaka nimeamsha watu.

Jongoo: Huyo shemeji bado yupo? Nina pikipiki imelala.

Fundi Mstaafu: Dada, kile kiuvimbe ni tyubu iliyokuwa inachungulia nje. Tairi ya baiskeli ina nafasi ndogo ya hewa, kompresa inapitiliza kabla hujageuza shingo. Kikomo cha upepo kimeandikwa ubavuni, kwa vipimo vya PSI au bar. Na hicho ni cha tairi nzima, si iliyopasuka nyufa. Tumieni pampu ya mkono.

Jongoo: Nyufa zipake grisi, mpira unalainika.

Spoki Huru: Grisi inakula mpira, mkuu. Usimpoteze mwenzako.

Jongoo: Yangu nilipaka na natembelea.

Spoki Huru: Unatembelea au unasukuma?

Mzee wa Kiraka: Tuacheni shemeji za watu. Mleta mada, kama valvu yako ni ile ya zamani yenye kipira chembamba kama mrija, anza na hicho. Kikikaa sana hukauka na kugandia chuma, upepo unavuja, watu wanatupa tyubu nzima bure. Chomoa kipande cha ndani, vua kipira, vika kingine. Ukikuta tundu kwenye tyubu, sugua kwa msasa, paka solusheni, SUBIRI ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike.

Jongoo: Mimi nabandika ikiwa mbichi.

Mzee wa Kiraka: Ndiyo maana unasukuma.

Mama Kengele: 😂😂😂 Jongoo leo kapatikana.

Pedeli Moja: Nimeelewa, ya nyuma natupa. Imeandikwa 26. Nichukue 26 yoyote?

Mzee wa Kiraka: Hapana! 26 x 1 3/8 na 26 x 1.75 haziingiliani kabisa. Tafuta namba ndogo ubavuni yenye kistari, mfano 37-590 au 47-559. Inayofuata baada ya kistari ni kipenyo, kwa milimita, pale tairi inapokalia ringi. Nenda nayo hiyo. Ukishavua tairi, kagua na utepe wa ringi, ukioza vichwa vya spoki vitaitoboa tyubu mpya.

Fundi Mstaafu: Na usivue kwa bisibisi.

Spoki Huru: Kijiko je?

Fundi Mstaafu: Kijiko sawa, kwa upande wa mpini.

Kimya Kingi: Kijiko kinabana tyubu. Mimi mikono tu.

Jongoo: Mimi bisibisi.

Spoki Huru: Tulijua.