Mtoto anafukuzwa ku masomo (shule) juu ya rangi ya triko (sweta), mnaona ni sawa?

Bandugu ba Lubumbashi, tujadili bila kutukanana. Mwezi wa sita asubuhi baridi inauma mpaka vidole vinakataa kalamu, mtoto wa jirani anafika ku mlango ya masomo na triko nyekundu juu ya shemizi nyeupe, bakamwambia vua ao rudia nyumbani. Akarudi, intero (jaribio) ya hesabu ikapita bila yeye. Alipouliza triko ya blu ataitoa wapi ile saa, bakamwandika "mtoto wa kiburi". Hapo njo niliona shida.

Mi sipingi nguo ya masomo. Ble-bla, ile nguo ya blu na nyeupe, iko na maana, mtoto wa mtaa wa bamaskini kama Katuba na wa mtaa wa batajiri kama Golf banakaa benchi moja na hujue baba ya nani iko na motokari. Lakini kama kanuni ilitungwa kusaidia mwenye hana, vipi tena inamfukuza juu hana?

Kule Des Moines, Marekani, batoto balivaa kitambaa cheusi ku mkono mwezi wa 12 mwaka 1965 kupinga vita ya Vietnam, bakasimamishwa masomo. 1969 Mahakama Kuu ikasema, 7 kwa 2, masomo haiwezi kukataza maoni kama haionyeshe fujo yenye ile kitu inaleta. Triko inaleta fujo gani? Na sisi hapa tusisahau, Mobutu alikatazaga kravati, baba zetu bakavaa abakosti (koti ya kuvaa bila kravati) mpaka 1990, leo kuna masomo bila kravati huingie!

Mwalimu anajibu:
Ndugu, umeleta kesi ukaikata mkia. Hukumu ile yenyewe inasema haigusi urefu wa jipe (sketi) wala mtindo wa nywele. Weye unaona triko moja, mi niko na klasi imejaa mpaka ku dirisha, leo triko nyekundu, kesho kofia, keshokutwa matusi imeandikwa ku kifua, na wewe mzazi njo utakuja kuniuliza nidhamu iko wapi.

Mama mmoja:
Mwalimu, na heshima yote, binti yangu balimkata nywele na makasi mbele ya benzake, upande moja tu, apate haya. Tulimalizia kunyoa kichwa yote nyumbani. Ile nayo tuiite nidhamu?

Mwenye mada:
Mama, pole sana. Mwalimu, kule nilichukua swali tu: masomo ionyeshe madhara. Ukitaka ya mavazi, chukua Durban. Msichana mwenye asili ya Kihindi alikatazwa kipini cha puani, 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema alibaguliwa, masomo ilipaswa kumruhusu. Nguo ya masomo haikufutwa, alistahili ruhusa yake basi. Na hukumu ilitoka yeye alishaachana na ile masomo, haraka hiyo!

Mi naomba kidogo tu: kanuni iandikwe, bazazi baisome mbele ya kulipa, na mtoto akiuliza "juu ya nini" asiitwe kiburi. Katiba yetu ya 2006, kifungu 23, inapa kila mtu uhuru wa kusema maoni yake, sikuona kule "isipokuwa mwenye ble-bla". Mwalimu, kwenu shefu wa klasi anawezaga kusema kitu mbele ya prefe (mkuu wa masomo), ao kazi yake ni kufuta tablo?