Katoto ka mbwa na kazi ya kutwa, nifanyeje?

Dada wa Barani: Jamani naombeni ushauri, nimepewa katoto ka mbwa ka miezi 2, mimi nafanya kazi hotelini Watamu, natoka saa 12 asubuhi nikirudi Malindi ni magharibi na nyumbani hakuna mtu. Nakapenda kweli ila naona kanateseka.

Kaka Maweni: Dada, wa umri huo hawezi kubana mkojo zaidi ya kama masaa 3 hivi, na chakula anataka mara 3 au 4 kwa siku maana tumbo dogo. Tafuta kijana wa jirani umlipe apite mchana, amtoe, amlishe, acheze naye kidogo. Usimfungie ndani ya mabati, joto hili la kaskazi litamuua, muweke kivulini penye upepo na maji kwa bakuli zito asilipindue.

Mama Wawili: Na chanjo mamangu! Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha mbwa, inaua haraka sana, anza sasa, urudie kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3. Kabla hajamaliza asichanganyike na mbwa wa mtaani.

Dada wa Barani: Asanteni sana, kuna kijana hapa nyuma anapenda wanyama, jioni naenda kuongea na mamake.